Konyeza wa Ziwa Tanganyika

Mtu atokaye Sumbawanga, juu ya nyanda za Ufipa, akateremka kusini-magharibi mpaka Kasanga, hufika ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Katika maji hayo yasiyo na chumvi huishi mnyama laini mfano wa ute wa yai, mwangavu, upana wake kama sarafu. Huyo ni konyeza, jamaa ya wale wa baharini. Mjerumani Richard Böhm alimwona humo mwaka 1883, na wataalamu wakastaajabu: amefikaje bara? Mwingereza J. E. S. Moore, katika kitabu chake cha mwaka 1903, alidai kwamba ziwa hilo ni mabaki ya bahari ya kale. Waliomfuata waliikataa rai hiyo.

Lakini, wasomaji wetu, ajabu iliyo kubwa zaidi imo ndani ya mwili wa mnyama huyu. Katika seli zetu mna vyombo vidogo viitwavyo mitokondria, vigeuzavyo chakula kuwa nguvu. Navyo vina vinasaba vyao wenyewe, tuvirithivyo kwa mama. Kwetu wanadamu vimepangwa mfano wa pete, yenye herufi 16,569, zilizosomwa zote mwaka 1981. Wanyama wengi wana pete kama hiyo, hata ikadhaniwa kuwa ndiyo kanuni ya wanyama wote.

Ama konyeza hawaifuati. Wao wana uzi ulionyooka, wenye ncha mbili. Na wako konyeza wa baharini ambao vinasaba hivyo vimegawanyika katika nyuzi nane. Matumbawe ya pwani yetu, ndugu zao wa mbali, yana pete kama sisi. Kwa tofauti hiyo, mwaka 1992 wataalamu walipambanua koo za viumbe hawa.

Uzi una taabu yake. Kamba isiyofungwa ncha hufumuka. Kadhalika uzi wa vinasaba unaponakiliwa, ncha zake huwa katika hatari ya kupunguka. Pete haina ncha, wala haina hofu hiyo. Konyeza wengi wana jeni ya ziada tusiyo nayo katika pete yetu, na wataalamu hudhani kwamba ndiyo isaidiayo kuzihifadhi ncha hizo.

Basi tusimwite duni kiumbe kwa sababu mwili wake ni mwepesi. Moore alihukumu kwa sura ya nje, na waliofuata pete walimpima kila mnyama kwa kipimo cha wanadamu. Tuwafunze watoto wetu kuchungua kwanza, ndipo wahukumu.