Huruma ya Mtahini Ije Kabla ya Mtihani

Asubuhi ya mtihani wa vitendo katika chuo cha udaktari, anayefika wodini kabla ya wengine wote huwa ni mwalimu aliyekabidhiwa kazi ya kuuandaa. Jana jioni aliwaacha wagonjwa sita waliokubali kushiriki. Leo anakuta mmoja ameruhusiwa kurudi nyumbani, wa pili amepandwa na homa usiku, na wa tatu, ambaye bandama lake lilikuwa limevimba kiasi cha kugusika kwa urahisi, amefikiwa na ndugu waliosafiri kutwa nzima kuja kumjulia hali. Saa mbili wanafunzi watakuwa mlangoni, makoti yao meupe yamepigwa pasi, midomo imewakauka. Kabla ya saa hiyo mwalimu huyo hana budi kutafuta wagonjwa wengine, kuwaomba ridhaa, kupanga vitanda na viti, na kuhakikisha kwamba kila mtahini anayo fomu ileile ya alama.

Kwa macho ya wengi hizo ni shughuli za karani, na heshima ya mtihani iko kwa watahini watakaoketi jioni kuzunguka meza na kuamua nani avuke na nani abaki. Ni kwenye meza hiyo ambako husikika kauli inayojulikana kwa kila aliyewahi kutahini: “Huyu tumsaidie, amepungukiwa alama mbili tu.” Kauli hiyo hutoka katika moyo mwema. Hata hivyo, imechelewa na imeelekezwa kusikostahili. Huruma ina mahali pake katika mtihani wa tabibu, na mahali hapo ni katika maandalizi. Ikisubiri hadi alama zimeshaandikwa, mzigo wake hubebwa na mtu ambaye hakualikwa kwenye kikao: mgonjwa wa kesho.

Chukulia mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aliyepata 48 pale ambapo kufaulu ni 50. Nchini Tanzania, baada ya miaka mitano ya masomo ya udaktari, mhitimu huingia katika mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi chini ya uangalizi. Mwaka huo ukiisha, huenda akajikuta zamu ya usiku katika hospitali iliyo mbali na bingwa yeyote, mbele yake mama aliyejifungua dakika chache zilizopita na damu haikatiki. Hapo atatakiwa kuita msaada, kukanda tumbo la uzazi, kutoa oksitosini, kuweka dripu, na kufuatilia mapigo na shinikizo la damu bila kusubiri kuelekezwa. Pengine zile alama mbili zilizoongezwa mezani ndizo zilizoficha kwamba hatua mojawapo kati ya hizo hakuijua. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Katika mtihani, anayeficha udhaifu ni mwalimu, lakini anayeumbuliwa ni mgonjwa.

Uhusiano kati ya alama za chuoni na usalama wa wagonjwa umewahi kupimwa. Mwaka 2007 Robyn Tamblyn na wenzake walichapisha utafiti uliowafuatilia madaktari 3424 waliofanya mtihani wa taifa wa stadi za kitabibu nchini Kanada kati ya mwaka 1993 na 1996, kisha wakapewa leseni katika majimbo ya Ontario na Quebec. Wale waliopata alama za chini katika kuzungumza na mgonjwa ndio waliolalamikiwa zaidi mbele ya mamlaka za udaktari katika miaka iliyofuata. Kile ambacho mtahini alikiona kwa dakika chache, wagonjwa walikuja kukiona kwa miaka.

Kwa nini basi walimu wenye akili na uadilifu husita kumwangusha asiyestahili? Utafiti mwingine wa Kanada, uliochapishwa mwaka 2005 na Nancy Dudek na wenzake, uliwauliza wasimamizi wa mafunzo swali hilo. Walitaja kukosa kumbukumbu zilizoandikwa, kutojua ni nini hasa cha kuandika, hofu ya rufaa ya mwanafunzi, na kutokuwapo kwa njia ya kumsaidia aliyeshindwa. Mwalimu wa Afrika Mashariki akisoma orodha hiyo atajitambua, kisha ataongeza yake: mwanafunzi anayesomeshwa kwa mkopo, mzazi aliyeuza shamba, kijiji kizima kinachomsubiri “daktari wetu.” Haya si mambo ya kudharauliwa. Lakini yakitazamwa kwa makini, karibu yote ni upungufu wa maandalizi uliojitokeza siku ya matokeo.

Sababu nzito kuliko zote ni ile ambayo watahini huitaja kwa sauti ya chini: pengine mtihani wenyewe haukuwa wa haki. Katika mtihani wa zamani wa kando ya kitanda, mwanafunzi aliachwa na mgonjwa mmoja kwa muda wa saa moja hivi, mara nyingi bila mtu wa kumtazama, kisha akaulizwa maswali. Mmoja alipangiwa mgonjwa msemaji mwenye dalili zilizo wazi. Mwenzake akapangiwa mzee aliyechoka, mwenye maradhi manne na asiyekumbuka dawa zake. Mmoja alikutana na mtahini mpole, mwingine na yule ambaye sifa zake hutisha hata mabweni. Anayeongeza alama mbili kwa mwanafunzi wa namna hiyo hujiambia kwamba anarekebisha bahati mbaya. Tatizo ni kwamba hajui kama anarekebisha bahati mbaya au anafunika ujinga, na mezani hakuna wa kumweleza.

Dawa ya shaka hiyo imekuwapo kwa nusu karne. Mwaka 1975, Ronald Harden wa Dundee, Uskochi, na wenzake walichapisha maelezo ya mtihani wa vituo. Wanafunzi wote huzunguka katika vituo vilevile kwa muda uleule, na kengele ndiyo inayowahamisha: hapa kusikiliza moyo, pale kusoma picha ya eksirei, kwingine kumweleza mama namna ya kumpa mtoto dawa. Kila kituo kina mtahini wake na fomu yake, hivyo mwanafunzi hupimwa na macho mengi badala ya mawili. Kabla ya hapo, mwaka 1963, Howard Barrows alikuwa ameanza huko Los Angeles kumfundisha mtu mwenye afya kuigiza ugonjwa kwa namna ileile kila mara, ili wanafunzi wakutane na mgonjwa asiyebadilika. Mbinu zote mbili leo zinafahamika katika vyuo vingi vya udaktari na uuguzi. Ubora wake, hata hivyo, hutegemea kabisa yule mwalimu anayefika wodini alfajiri. Kituo chenye swali lisiloeleweka, au kisicho na muda wa kutosha, kitawaangusha wazuri na wabaya kwa pamoja.

Hata alama ya kufaulu inaweza kuandaliwa kwa haki. Njia mojawapo humtaka kila mtahini afanye mambo mawili kituoni: ajaze alama za hatua alizoziona, kisha, pembeni, atoe hukumu ya jumla kwamba mwanafunzi huyu amefaulu, ameshindwa, au yuko mpakani. Wastani wa alama za wale waliohukumiwa kuwa mpakani ndio unaokuwa mstari wa kufaulu wa kituo hicho. Kituo kikiwa kigumu kupita kiasi, mstari hushuka wenyewe. Kikiwa chepesi, hupanda. Hapo ugumu wa mtihani unakuwa umekwisha kuhesabiwa, na anayeomba alama mbili za nyongeza hana tena bahati mbaya ya kuisingizia.

Lipo jambo la haki ambalo vyuo vya kwetu hulisahau kwa urahisi, nalo ni lugha. Mwanafunzi husoma vitabu na kutahiniwa kwa Kiingereza, lakini mgonjwa humweleza kwa Kiswahili kwamba ana kichomi, kwamba miguu inakufa ganzi, kwamba mtoto alishikwa na degedege. Fomu ya alama inayotuza tu istilahi za Kiingereza zinazotamkwa mbele ya mtahini humpima mwanafunzi nusu. Nusu ya pili ni kama aliuliza kwa Kiswahili kinachoeleweka na kama mgonjwa aliondoka akijua ugonjwa wake na namna ya kutumia dawa zake. Kituo cha kumpa mgonjwa maelezo kwa lugha yake kinastahili alama zake kamili na mtahini anayesikiliza kwa makini.

Huruma ya maandalizi humhusu pia mgonjwa wa leo, anayelala kitandani huku tumbo lake likibonyezwa na mkono wa sita. Mgonjwa huyo si chombo cha mtihani. Anastahili kuombwa mapema, na mtu asiyemtisha, akielezwa ni wanafunzi wangapi watakaomgusa na kwa muda gani. Anastahili kujua kwamba akikataa, matibabu yake hayatabadilika hata kidogo, na kwamba aliyekubali anaweza kusema “basi” katikati ya zoezi. Anastahili pazia, chai, mapumziko baada ya wanafunzi kadhaa, na dawa zake kwa saa zake. Mwanafunzi anayembonyeza mtu penye maumivu bila kumtazama usoni anapaswa kupoteza alama, hata kama ameigusa bandama na kuitaja kwa usahihi. Mtihani unaovumilia kumuumiza mgonjwa humfundisha daktari mtarajiwa somo ambalo halimo katika mtaala wowote.

Wapo watakaosema kwamba haya ni anasa. Madaktari ni wachache, walimu ni wachache zaidi, na mtihani wa vituo hula watu, vyumba na siku. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini uchache wa madaktari ndiyo sababu ya kuongeza umakini. Pale penye mabingwa wengi, kosa la mmoja huonwa na mwenzake kabla ya kumfikia mgonjwa. Penye daktari mmoja, hakuna wa kuliona. Isitoshe, mengi kati ya yaliyotajwa hayahitaji fedha: kukubaliana fomu wiki moja kabla, kuwataka watahini wawili waandike alama kila mmoja peke yake kabla ya kuzungumza, kujaribu kila kituo siku iliyotangulia.

Wengine watahoji kwamba vituo huzaa madaktari wa kukariri, wanaotaja hatua kumi kwa mpangilio bila kumfikiria mtu aliye mbele yao. Nao wana haki ya kuhofia. George Miller alionyesha mwaka 1990 kwamba kujua, kujua namna ya kutenda, kuonyesha kwamba unaweza, na kutenda kweli kazini ni ngazi nne tofauti. Mtihani wa vituo hufika ya tatu. Ya nne huonekana wodini tu, mwaka mzima, na wanaoiona ni wengi: muuguzi wa zamu ya usiku, mfamasia, mtaalamu wa maabara. Mwalimu anayewauliza hao mapema, akaandika walichoona na kumwita mwanafunzi faragha kumweleza, amefanya kazi ambayo hakuna alama ya jioni inayoweza kuifidia. Samaki mkunje angali mbichi.

Hapo ndipo pia ulipo msaada wa kweli kwa yule mwenye 48. Mtihani wa marudio, ule ambao wanafunzi huuita sapu, hutazamwa kama aibu. Ungeweza kutazamwa kama dozi ya pili kwa maradhi yaliyokwisha kutambuliwa: mwanafunzi anaambiwa kwa maandishi ameanguka wapi, anapewa mwalimu na wiki kadhaa za kufanya hicho alichoshindwa, kisha anapimwa upya kwa mizani ileile. Chuo kinachomwacha peke yake nyumbani hadi siku ya sapu hakijamsaidia, na hakina haki ya kushangaa akianguka tena. Mzazi aliyeuza shamba hakuliuza ili apate cheti. Aliliuza ili apate daktari, na miezi michache zaidi ya kumsubiri ni gharama ndogo kuliko kesi ya kifo itakayomwandama kijana huyo maisha yake yote.

Mgonjwa atakayeombwa siku moja kushiriki katika mtihani na ajue kwamba anatoa huduma kwa watu asiowajua, na kwamba ana haki ya kuuliza, kukubali, kukataa na kupumzika. Muuguzi atakayeulizwa habari za mwanafunzi na aseme alichokiona, kizuri na kibaya, bila kuogopa kuitwa mkali. Naye mwalimu atakayeketi jioni kwenye ile meza, karatasi ya mwenye 48 ikiwa mbele yake, na ajiulize kama angekubali mama yake ahudumiwe usiku huo na kijana huyo, peke yake, damu haikatiki. Ikiwa jibu ni hapana, alama zibaki zilivyo, na huruma yake yote aielekeze katika wiki zinazofuata.