Kichupa cha kupunguza mwili: ruhusa imeisha, hatari ipo

Mwezi jana jamaa yetu alirudi Mombasa kutoka Marekani, na mkobani, kati ya manukato na vitamini, mlikuwa na kichupa cha semaglutidi, dawa ileile iliyomo kwenye kalamu za Ozempic. Hiki kilichanganywa na famasi ya huko. Dadangu alikuwa ashanunua sindano.

Nikauliza: halali? Nikajibiwa famasi ina leseni. Hilo ni nusu ya jibu.

Sheria ya Marekani humruhusu mfamasia kumchanganyia mgonjwa dawa kwa cheti cha daktari, lakini si kunakili ovyo dawa iliyoko sokoni. Mlango ulifunguka 2022 semaglutidi ilipoadimika, na watu wakamiminikia bei nafuu. Februari 2025, FDA, mamlaka ya dawa ya huko, ikatangaza kuwa uhaba umekwisha. Famasi za kawaida zikapewa hadi Aprili 22 kuacha, na wachanganyaji wakubwa hadi Mei 22. Umebaki upenyo wa mgonjwa mwenye haja yake maalumu, na ndipo mvutano ulipo.

Lakini mimi kinachonitia hofu zaidi ni kipimo. Dawa hizi FDA haizikagui kabla ya kuuzwa. Isitoshe, kalamu hupima yenyewe, ilhali kichupa unavuta mwenyewe kwa sindano ya insulini, yenye alama za yuniti, si miligramu. Kichupa kikiwa na miligramu 5 kwa mililita, dozi ya kuanzia ya miligramu 0.25 ni yuniti 5 tu. Vuta 50, umejichoma mara kumi. Julai 2024 FDA ilionya kuwa wapo waliojichoma mara 5 hadi 20 ya dozi yao, wengine wakalazwa. Na dawa hii hukawia mwilini wiki kadhaa, ukishaidunga huitoi.

Chetu hakikuandikwa nguvu yake, na kilisafiri siku mbili bila barafu.

Dadangu akaniambia namwonea choyo. Simlaumu. Mwanamke mnene huku kwetu husemwa hata arusini, mbele ya sahani ya pilau, na wanaomsema nao wanakula.

Kichupa kimo frijini kwa mama, nyuma ya mtindi, nimekifunga karatasi: KISIGUSWE. Dadangu ana miadi na daktari Jumatatu. Amekubali kukibeba akakionyeshe.