MFUGAJI NA MIFUGO YAKE: Punda Achukuaye Maji Naye Huona Kiu

Kila asubuhi huko Kajiado, Kitui na sehemu nyingine kavu za Kenya, punda husimama kisimani akipakiwa mitungi minne ya lita 20. Huo ni mzigo wa kilo 80 za maji, naye mara nyingi huufikisha nyumbani bila kuonja hata tone, maana bwana wake amezoea kufikiri kwamba punda ni mnyama asiyeona kiu. Katika nyumba nyingi mnyama huyo ndiye alipaye karo ya watoto. Akianguka, mkokoteni huegeshwa ukutani, na riziki hukatika siku ile ile.

Fikira hiyo haikuzuka bure. Punda wa kufugwa ametokana na punda mwitu wa nchi kavu za kaskazini-mashariki ya Afrika, na mwili wake umezoea shida. Mwaka 1970 mtaalamu wa Kenya, Geoffrey Maloiy, alitangaza matokeo ya uchunguzi wake juu ya punda wa Kisomali. Wanyama hao walinyimwa maji hata uzito wao ukapungua kwa karibu asilimia 30, nao wakaishi. Walipopewa maji walijaza upungufu huo kwa dakika chache tu. Binadamu hufa kabla ya kufika hapo.

Lakini avumiliaye pia hudhurika. Punda mwenye kiu hupunguza kula, na hapa ndipo wafugaji wengi hukosea. Bwana wake humwona amekonda, akamwongezea pumba, wala asimwongezee maji. Chakula kikavu hujikusanya katika utumbo, kikashikamana na kuziba, na mnyama akapatwa na msokoto wa tumbo. Punda, kama farasi ndugu yake, hawezi kutapika. Kilichokwisha kuingia hakina njia ya kurudi. Tena farasi mwenye msokoto hugaagaa na kupiga tumbo lake kwa miguu, hata kila mtu akajua kwamba anaumwa. Punda husimama kimya, kichwa chini. Watu husema ni mvivu, nao huongeza fimbo. Fimbo haijapata kuzibua utumbo.

Punda mzima wa kilo 150 hivi huhitaji lita 10 hadi 25 za maji kwa siku, yaani tangu nusu debe hata kupita debe moja, kwa kadiri ya jua na kazi. Yafaa anyweshwe kabla ya kufungwa mkokotenini, kila apumzikapo njiani, na jioni kabla ya kupewa nafaka. Wako wazee wasemao kwamba mnyama mwenye jasho asipewe maji kabisa. Neno hilo halina msingi. Na anywe kidogo, apumzike kivulini, anywe tena. Ndoo isuguliwe kila siku, kwa kuwa punda huchagua sana: maji yenye taka au harufu aweza kuyakataa hali ana kiu.

Kuhusu chakula, haifai kumlinganisha na ng'ombe. Ng'ombe ana tumbo lenye sehemu nne, naye akishiba hulala akacheua. Punda ana tumbo dogo lisilocheua, lililoumbwa kupokea majani kidogo kidogo kwa saa nyingi za mchana na usiku. Kumfunga tangu alfajiri bila kitu, kisha kumwagia rundo la pumba usiku, ni kumtafutia ugonjwa. Chakula chake hasa ni nyasi kavu, mabua ya mahindi, au majani makavu ya mpunga kama yapatikanayo Mwea, kilo 2 hadi 3 kwa siku, na zaidi akifanya kazi nzito. Pumba ziwe nyongeza tu, konzi mbili tatu zilizoloweshwa, pamoja na jiwe la chumvi la kulamba.

Mahindi yaliyoota ukungu asipewe kamwe. Wengi humtupia yale wasiyoweza kuyala wenyewe, na sumu ya ukungu huo huweza kuharibu ubongo wa punda na wa farasi, akawa kipofu, akazungukazunguka, akafa. Wala asiachwe jalalani, maana hula plastiki, nayo huziba utumbo kama pumba kavu.

Kila asubuhi mfugaji na atazame kinyesi kabla ya kuchukua hatamu. Kikiwa na unyevu na kuvunjika kianguka chini, ni vyema. Kikiwa kidogo, kigumu na kikavu, au ufizi ukigusika mkavu na wenye kunata, kazi ya siku hiyo ingojee maji. Na ikiwa punda amekataa chakula na hajanya tangu jana, aitwe daktari wa mifugo siku ile ile. Asimiminiwe mafuta kooni kwa chupa, kwa kuwa huweza kuingia mapafuni. Asimame kivulini, na ndoo ya maji safi iwe mbele yake.