Mcheza Densi Si Kitufe

Wahenga walinena kwamba ngoma ikivuma sana hupasuka. Leo nataka kusema machache juu ya mchezo wa video wa mwimbaji mmoja aliyevuma kweli kweli, halafu nieleze unavyotuhusu sisi tunaocheza densi hapa shuleni.

Likizo iliyopita nilimtembelea binamu yangu. Ana mashine kuukuu ya PlayStation 2, na miongoni mwa diski zake nilikuta mchezo uitwao Britney's Dance Beat, uliotolewa mwaka wa 2002. Sisi hata hatukuwa tumezaliwa! Katika mchezo huo wewe si Britney Spears. Wewe ni kijana anayetafuta nafasi ya kucheza densi nyuma yake katika ziara yake. Wimbo unaanza, alama za vitufe zinatokea kwenye skrini, nawe unabonyeza kitufe chenye alama hiyo kwa wakati barabara. Ukipatia, unasonga mbele. Ukikosea, basi, rudia. Nyimbo ni 5 tu, lakini tuliucheza mpaka shangazi akaja kuzima televisheni.

Sikatai, mchezo ni mtamu, tena unafunza kufuata mdundo. Lakini kuna jambo lililonikaa moyoni. Mle ndani hakuna kitufe cha kusema, "Nimechoka." Kazi yako ni kutii tu.

Kumbe hata mwenye jina hakuwa na kitufe hicho! Mwaka wa 2008 mahakama ya Los Angeles, Marekani, ilimweka Britney chini ya usimamizi wa babake. Mali yake na maisha yake yakawa yanaamuliwa na wengine, ilhali yeye aliendelea kutoa albamu na kuimba jukwaani. Mwezi wa Juni 2021 alimlalamikia hakimu kwamba alilazimishwa kufanya kazi. Usimamizi huo uliondolewa Novemba 2021, baada ya zaidi ya miaka 13. Na wimbo mmoja katika mchezo ule unaitwa "Overprotected", yaani aliyelindwa kupita kiasi. Si ajabu hiyo?

Labda utaniuliza, "Mambo ya Marekani yatuhusu nini?" Yanatuhusu. Mwaka jana tulipokuwa tukijiandaa kwa tamasha la muziki, mwenzetu mmoja alisema goti linamuuma. Akajibiwa, "Wewe cheza tu, tamasha ni wiki ijayo." Akacheza. Kesho yake alifika shuleni akichechemea, nasi wa shule ya kutwa twatembea kuja na kurudi. Sote tuliona. Mimi niliyesimama karibu naye nilinyamaza, maana niliogopa kutolewa katika kikundi. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Wapo watakaosema kwamba bila nidhamu hakuna densi. Ni kweli. Watu 20, kila mmoja akiruka anavyotaka, hiyo si ngoma, ni vurugu. Aidha, walimu wetu hubaki nasi hadi jioni, nasi tunawashukuru. Hata hivyo, kufuata mdundo ni jambo moja, na kunyang'anywa sauti ni jambo jingine kabisa.

Kwa hivyo naomba mambo mawili. Kwanza, kila mazoezi yaanze kwa kuulizwa ni nani ana maumivu. Anayeumia apumzike, na nafasi yake asinyang'anywe. Pili, katika kila wimbo tuachiwe ubeti mmoja tutunge hatua zetu wenyewe.

Nasi wanafunzi tusimwache anayeumia aseme peke yake. Katika mchezo wa binamu, ukiharibu unabonyeza tu na kuanza upya. Goti la mtu halina kitufe hicho.

Naweka kalamu chini.