Mwenye Pikipiki na Mwendesha Pikipiki

Isansa ni kata ya Wilaya ya Mbozi, katika Mkoa wa Songwe, ule mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ni nchi ya vilima, ya baridi na ya kahawa, tena iko mbali na bahari. Msomaji wetu wa Unguja au Pemba ana haki ya kuuliza: Isansa yatuhusu nini sisi wa visiwani? Yatuhusu kwa sababu ya pikipiki. Chombo kile kile kinachopanda vilima vya Mbozi na magunia ya kahawa ndicho kinachobeba karafuu Pemba, na ndicho kinachokimbiza matenga ya samaki kutoka pwani za Unguja hadi sokoni. Dosari iliyomo katika umiliki wake kule bara ndiyo hii iliyo mlangoni petu.

Wako watu, na baadhi yao ni wakubwa serikalini, ambao bado huitazama pikipiki kama anasa ya vijana au kama balaa la barabarani. Kwa mkulima wa Mbozi maneno hayo hayana maana. Mvua zinaponyesha kati ya Novemba na Aprili, njia nyingi za udongo za vijijini hugeuka tope na gari dogo hushindwa. Mbolea haina budi kufika shambani, kahawa haina budi kufika mnadani, na mama aliyeshikwa na uchungu usiku hana budi kufika kwenye kituo cha afya. Anayekwenda ni kijana mwenye pikipiki. Katika sehemu kubwa ya nchi yetu, pikipiki imekuwa basi, imekuwa lori, na imekuwa gari la wagonjwa, bila ya kutengenezwa kwa kazi yoyote katika hizo.

Hapo ndipo mafundi wanapoingia. Pikipiki zinazotumika zaidi ni ndogo, za cc 125 au 150, kutoka India na China. Zinapofika kijijini hazikai kama zilivyotoka kiwandani. Fundi huchomelea keria ya nondo iliyo pana kuliko ile ya mwanzo. Huongeza vyuma vya kukinga miguu. Huimarisha shokapu za nyuma, hurefusha kiti, na katika nchi ya vilima hubadili gia ya nyuma akaweka yenye meno mengi zaidi, ili chombo kipate nguvu ya kupanda ingawa kitapungua mbio. Hata watengenezaji wenyewe wameitambua kazi hii, kwani baadhi ya pikipiki zinazouzwa Afrika Mashariki siku hizi huja na kiti kirefu, keria na vyuma vya kinga tangu kiwandani. Fundi wa kijijini aliwatangulia.

Lakini si kila badiliko ni la heri. Keria iliyorefushwa hadi nyuma ya ekseli, ikapakiwa gunia zito, huinua uzito kutoka gurudumu la mbele. Usukani ukawa mwepesi na breki ya mbele ikapoteza nguvu. Kiti kirefu kupita kiasi huwaalika abiria wawili au watatu, ule mtindo ambao wananchi wameuita mshikaki. Kukata bomba la moshi ili chombo kingurume hakuongezi nguvu yenye faida yoyote kwa mbebaji wa kahawa. Huwanyima tu wagonjwa na watoto usingizi. Kuondoa vioo vya pembeni ni kujitia upofu kwa hiari. Kwa hiyo yako marekebisho yanayolinda uhai na yako yanayouhatarisha, na hekima ya kiongozi ni kuyatenganisha, si kuyakataza yote wala kuyafumbia macho yote.

Mtu anayetaka kuona jinsi wengine walivyolitatua jambo hili si lazima aende Ulaya. Aende Tunduma. Mji ule wa mpakani, uliomo katika mkoa huo huo wa Songwe, ni lango la barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia, na hupitiwa na wasafiri wanaolivuka bara la Afrika kwa mapikipiki makubwa. Mapikipiki ya mbio na safari ndefu yana historia yake. Mwaka 1976, mwaka ule ule ambao reli ya TAZARA inayopita Tunduma ilikabidhiwa rasmi kwa Tanzania na Zambia, kampuni ya BMW ya Ujerumani ilitoa R100RS, pikipiki ya cc 980 iliyovikwa gamba zima la kumkinga mwendeshaji na upepo. Tangu hapo aina hiyo ya chombo imekuwa na wapenzi wengi duniani. Nao wapenzi hao, kama fundi wetu wa Mbozi, hawakiachi chombo kama kilivyo. Huinua usukani ili mgongo usiume, huchonga kiti kifuate mwili, hubadili kioo cha upepo, hukaza shokapu, na hutundika masanduku ubavuni.

Pikipiki moja ya namna hiyo ina thamani ya nyingi za kwetu, na mwenyewe huitumia kwa starehe. Hata hivyo tumeona mambo mawili ya kujifunza. La kwanza ni kwamba Ujerumani badiliko kubwa halifanywi gizani. Kifaa ama huuzwa na cheti kinachokiruhusu kufungwa katika aina fulani ya pikipiki, ama hukaguliwa na mkaguzi anayetambuliwa na kuandikwa katika hati za chombo, na pikipiki yenyewe hurudi kukaguliwa kila baada ya miaka miwili. Badiliko si kosa. Kosa ni badiliko lisilokaguliwa.

La pili ni zito zaidi, nalo ndilo kiini cha maoni yetu leo. Yule msafiri aketiye juu ya pikipiki yake pale Tunduma ndiye mwenyewe. Aliyeinunua ndiye anayeiendesha. Breki ikifa, atakayeumia ndiye aliyekataa kuitengeneza. Kwa hiyo kila shilingi anayoitia katika chombo chake anaitia katika uhai wake. Kwetu mambo yamegawanyika. Mara nyingi mwenye chombo haendeshi, na anayeendesha si mwenye chombo.

Wananchi wanajua mpango huu unavyokwenda. Wako vijana wachache walionunua pikipiki zao kwa fedha taslimu. Wengi huendesha kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni hesabu: kijana humpelekea tajiri fedha iliyokubaliwa kila siku, na kinachobaki ni chake. Njia ya pili ni mkataba: kijana hupeleka fedha ya kila siku kwa muda uliowekwa, na muda ukiisha pikipiki huwa mali yake na kadi hubadilishwa jina. Mkataba, kwa asili yake, ni jambo jema. Umewapa mali vijana ambao hakuna benki ingewatazama usoni.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Kijana akipeleka shilingi 10,000 kwa siku, siku 6 kwa wiki, kwa mwaka mzima, atakuwa amelipa shilingi 3,120,000. Humo hamna mafuta, hamna tairi, hamna mnyororo, hamna breki. Nani anunue? Tajiri aliye mjini husema, chombo kiko mikononi mwako. Kijana husema moyoni, chombo bado si changu. Mara nyingi makubaliano yenyewe ni ya mdomo, au ni karatasi isiyotaja jambo hilo. Basi tairi huvaliwa mpaka likawa laini kama kiganja, na kijana huona ni heri kumpakia abiria wa pili kuliko kukosa fedha ya jioni. Kofia ngumu ya abiria hainunuliwi, kwa sababu hakuna aliyeambiwa kwamba ni juu yake. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba kofia ngumu inayovaliwa sawasawa hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Faida kubwa kiasi hicho inapotea kwa sababu watu wawili wanaotegemea chombo kimoja kila mmoja anamngojea mwenziwe.

Sheria nayo humkuta aliye barabarani. Bara kuna Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, na mwaka 2010 zilitungwa kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji. Zanzibar ina sheria yake ya usafiri barabarani. Hatuwalaumu askari wa usalama barabarani kwa kuzisimamia. Lakini tunauliza: askari anapomkamata kijana kwa tairi bovu na kumtoza faini, mwenye pikipiki anatozwa nini? Mara nyingi hatozwi kitu, na jioni ile ile atadai hesabu yake kamili. Kesho kijana atakwenda mbio zaidi ili alipe faini na hesabu kwa pamoja. Adhabu ya namna hiyo haikitengenezi chombo. Inakizidishia tu hatari.

Sisi wa visiwani hatuna sababu ya kulishangaa tatizo hili, maana wazee wetu walilikabili zamani sana baharini. Mwenye mashua hakuwa lazima aende kuvua, na mvuvi hakuwa lazima awe na mashua. Je, walifanyaje? Pato lilipotoka, baada ya kutoa gharama za safari, liligawiwa mafungu. Mabaharia walipata fungu lao, na chombo na nyavu vikawa na fungu lake. Hakuna aliyeuliza nani atanunua kamba na nani atalipa fundi wa kutia kalafati, kwa kuwa chombo chenyewe kilihesabiwa kama mmoja wa washirika. Mpango huo umeendelea kujulikana pwani yetu hata leo. Wahenga walisema kwamba chombo hakiendi ila kwa nyenzo, na mabaharia walihakikisha nyenzo zina fungu lake kabla ya mtu yeyote kutia fedha mfukoni.

Tunapendekeza desturi hiyo ipande kutoka pwani mpaka Isansa. Kila mkataba wa pikipiki, bara na visiwani, uwe na fungu la chombo. Likitengwa shilingi 500 tu kwa siku, katika ule mfano wetu wa siku 6 kwa wiki, mwaka utaisha na shilingi 156,000. Fedha hizo hazitoshi kila kitu, lakini zinaondoa kisingizio cha kuendesha bila ya breki. Na fungu hilo litoke kwa wote wawili, si kwa kijana peke yake.

Ili jambo hili lisibaki maneno ya gazetini, tunawaomba wakuu wanaohusika wayafikirie mambo manne. Kwanza, mikataba ya pikipiki iandikwe na kushuhudiwa katika ofisi za vijiji, za kata na za shehia, na itaje wazi nani anawajibika kwa tairi, breki na kofia ngumu. Pili, mwenye chombo aliyetajwa katika kadi ashirikishwe katika adhabu pale kosa linapokuwa la ubovu wa chombo na si la uendeshaji. Tatu, Shirika la Viwango Tanzania, pamoja na Taasisi ya Viwango Zanzibar, yatoe michoro rahisi ya keria na ya vyuma vya kukinga miguu, yenye vipimo ambavyo fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kuvifuata; na VETA na SIDO ziwafuate mafundi hao walipo, wasingojee mafundi waje mjini. Nne, halmashauri za bara, ambazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, na asilimia 4 katika hizo ikiwa ya vijana, zisikopeshe pikipiki tupu. Mkopo wa pikipiki uwe pamoja na kofia ngumu mbili, kinga ya miguu na mafunzo ya leseni.

Tunajua jibu litakalotolewa. Litasemwa kwamba gharama zitapanda, na matajiri watakataa kutoa pikipiki zao kwa mkataba. Huenda wachache watakataa. Lakini mwenye mali mwenye busara anajua kwamba pikipiki iliyopinda fremu katika korongo haileti hesabu, na kwamba kijana aliyelazwa wodi ya mifupa hamalizi mkataba. Fungu la chombo humlinda tajiri kwanza, kabla hata ya kumlinda dereva.

Vijana wa pikipiki nao tunawaambia neno moja. Chombo kitakachokuwa chako mwakani ni chako leo. Usikubali kitoboke huku ukingojea kadi iandikwe jina lako, na usimpe fundi kazi ya kukipamba kwa makelele wakati breki zinalia. Pambo la kwanza la pikipiki ni kusimama pale unapotaka isimame.

Isansa haina bahari, lakini inao mabaharia wake. Wanavuka tope usiku, wamebeba mazao ya taifa na wagonjwa wa taifa, juu ya vyombo walivyojitengenezea upya kwa nondo na moto. Si haki kuwaachia wao peke yao mzigo wa chombo ambacho sote twakitegemea. Kila chombo na kipewe fungu lake.