Bandeji isikazwe kama kamba ya mzigo

Kuhusu kukaza bandeji, naomba niseme jambo. Mwaka jana nilianguka na bodaboda Mbagala Rangi Tatu, nikatua kwa kiganja. Jirani alinifunga kifundo cha mkono kwa nia njema, akakaza kwelikweli. Usiku vidole vikavimba, vikawa baridi na kufa ganzi. Ukiona hivyo ujue damu haipiti vizuri: fungua mara moja, ufunge upya kwa kulegeza.

Bandeji ya kuvutika huanzia karibu na vidole ikipanda kuelekea kiwiko, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Pete na bangili vua mapema. Mkono uutundike kwa khanga shingoni.

Halafu kuna hili la kuchua mkono ulioumia! Ukibonyeza kile kishimo chini ya dole gumba ukaruka kwa maumivu, usimwite mchuaji. Kuna kimfupa hapo ambacho ufa wake unaweza usionekane kwenye eksirei ya kwanza, ndiyo maana picha hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14. Jamani, nendeni hospitali ya Temeke au Mwananyamala, na mkiambiwa mrudi, rudini.