Baruti ya kienyeji haitaokoa korosho zetu

Ukifika Nachingwea au Ruangwa kuanzia Oktoba, mabibo yanapoanza kudondoka, mazungumzo ya vijiweni huwa ni mawili tu. La kwanza ni bei ya mnada. La pili ni tembo walilala kwenye shamba la nani usiku wa kuamkia leo. Hilo la pili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Habari ya tembo ikishaenea, huja habari nyingine ya chini chini. Kila mwenye gobore anaanza kutafuta unga wa baruti na fataki. Aliyekuwa na akiba kidogo anaificha. Aliyekuwa anauza kwa bei ya kirafiki anapandisha. Ndani ya wiki moja hakuna kitu, na hapo ndipo baadhi ya ndugu zetu wanapoamua kuchanganya baruti yao wenyewe jikoni, na kukata vipande vya nondo na misumari viwe badala ya goroli.

Katika makala haya nataka kusema jambo moja tu, tena kama mkulima mwenzenu na si kama askari: baruti ya kujitengenezea ndiyo ulinzi wa ghali kuliko wote. Wengi wanaukimbilia kwa kuwa wanaona ni wa bure.

Tusianze kwa kumlaani mwenye gobore

Wapo wanaosema kila mwenye gobore ni jangili. Si kweli. Silaha hii ina historia ndefu huku kwetu. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka bara kwenda Kilwa ilipita maeneo ya kusini ikiwa na pembe za ndovu na watumwa, na ikarudi na nguo, bunduki na baruti. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels na kuweka mkataba ambao pamoja na mambo mengine ulibana uingizaji wa bunduki na baruti katika sehemu kubwa ya Afrika. Kwa hiyo uhaba wa risasi kwa mtu wa kijijini si jambo la jana.

Baada ya Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, Wajerumani walikusanya magobore kwa maelfu. Watu waliobaki walikuwa na njaa, vijiji vilikuwa vimeteketezwa, na nguruwe na tembo wakaingia katika mashamba ambayo hayakuwa na wa kuyalinda. Wanahistoria wameliandika hilo, na wazee wetu walilisimulia. Ndiyo maana mpaka leo mkulima wa kusini akiambiwa asalimishe gobore, anasikia kama anaambiwa asalimishe shamba.

Nami nauelewa uchungu huo. Lakini kuuelewa uchungu ni jambo moja, na kukubali dawa mbaya ni jambo jingine.

Hesabu ya shamba

Tuchukue mfano wa ekari moja ya mikorosho iliyopandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12. Hiyo ina miti isiyozidi 28. Tuseme kila mti unatoa kilo 10 za korosho ghafi, na tuseme bei ni Sh3,000 kwa kilo. Hiyo ni Sh840,000 kwa ekari kwa msimu. Tembo hali mabibo peke yake. Anavunja matawi, anang'oa miti michanga, na mti wa kupanda upya utakusubirisha si chini ya miaka mitatu kabla hujaokota korosho ya maana.

Sasa angalia upande wa pili. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho cha mazao kisichozidi Sh100,000 kwa ekari, tena kwa ekari zisizozidi tano, na kiwango kilipungua kadiri shamba lilivyokuwa karibu na hifadhi. Aliye ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi hakupata kitu. Kwa mtu aliyeuawa, kifuta machozi kiliwekwa Sh1,000,000. Linganisha Sh100,000 na zile Sh840,000 utaona kwa nini watu wanatafuta baruti. Serikali isishangae.

Hata hivyo, gobore lililojazwa baruti ya jikoni halirudishi ile tofauti. Kwanza, mara nyingi halimuui tembo. Linamjeruhi. Tembo aliyejeruhiwa hasahau, na atakayekutana naye kesho asubuhi huenda ni mama anayekwenda kuchota maji au mtoto anayekwenda shule, siyo wewe uliyefyatua. Pili, baruti isiyo na kipimo haina adabu. Leo inafuka moshi tu bila kutoa risasi, kesho inapasua mtutu. Mitutu yenyewe mingi imetengenezwa kwa mabomba ambayo hayakukusudiwa kubeba mlipuko.

Namfahamu mzee mmoja upande wa Ruangwa ambaye alishindilia baruti ya kujitengenezea usiku akiwa juu ya dungu, akiamia shamba lake la mahindi na mbaazi. Gobore lilipasukia mkononi. Akabaki na vidole viwili mkono wa kushoto. Nilipomtembelea aliniambia, "Mwanangu, nguruwe walikula mahindi ya gunia mbili. Mimi nikawalipa vidole vitatu na msimu mzima wa korosho, maana nani angeokota?" Familia iliuza ufuta wote kwa ajili ya matibabu na nauli za kwenda na kurudi hospitali. Hiyo ndiyo bei ya baruti ya bure.

Tatu, ipo sheria. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu mtu kutengeneza silaha wala risasi bila kibali. Hata mwenye gobore lililosajiliwa anajiharibia mwenyewe akikutwa na baruti ya kuchanganya nyumbani. Atakapokuwa mahabusu, hakuna atakayepuliza salfa kwenye mikorosho yake. Ubwiriunga hausubiri kesi iishe.

Hata Wamarekani waliishiwa

Wapo watakaosema kwamba mbona ulaya na Marekani watu wanajaza risasi zao wenyewe nyumbani? Ni kweli. Marekani jambo hilo ni halali. Watu huokota maganda ya risasi zilizotumika, wakayasafisha, wakaweka fataki mpya, baruti iliyopimwa kwa mizani na risasi mpya. Wana mashine za kazi hiyo, na vitabu vya vipimo vinavyotolewa na viwanda vyenyewe.

Lakini angalia kilichotokea mwaka 2020 ulipoingia ugonjwa wa korona. Watu waliingiwa na hofu, wakanunua risasi mpaka rafu za maduka zikabaki tupu. Waliojaza wenyewe walidhani wamesalimika. Haikuchukua muda fataki nazo zikaadimika, kwa sababu kila mtu alikimbilia huko huko. Aliyekuwa na mashine nzuri na baruti ya kutosha alikaa bure kwa kukosa kitu kidogo sana.

Somo ni lile lile kwa gobore la Nachingwea. Hofu ikishaingia sokoni, haiishii kwenye bidhaa moja. Wafanyabiashara wadogo mnalijua hili. Mwanzoni mwa mwaka 2024 sukari ilipoadimika nchini, aliyenunua mifuko mitano badala ya mmoja ndiye aliyesaidia kumaliza sukari ya jirani yake. Serikali ilitangaza bei elekezi Januari mwaka huo, lakini bei elekezi haijazi rafu. Kwenye baruti ni vibaya zaidi, kwa sababu akiba ya sukari chini ya kitanda haiunguzi nyumba.

Tembo hawa wametoka wapi?

Tusidanganyane kwamba tembo watakwisha tukiwafyatulia vya kutosha. Mwaka 1976 mfumo wa Selous ulikadiriwa kuwa na tembo zaidi ya 100,000. Ujangili uliwashusha hadi takriban 15,000 ilipofika mwaka 2014. Tangu hapo ulinzi uliimarishwa, na mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Tembo wanaotoka upande wa Liwale na kushuka kuelekea Mto Ruvuma wanapita katika wilaya zetu. Wanapita njia za babu zao, na sisi katika miaka hiyo ya ujangili tulilima juu ya njia hizo tukidhani zimekufa.

Kwa hiyo tembo wapo na wataendelea kuwapo. Swali kwa mkulima ni namna ya kulinda mali mwaka huu, na mwaka kesho, kwa gharama anayoiweza.

Mzinga tunaouweza

Risasi halali hapa nchini hutengenezwa na Shirika la Mzinga kule Morogoro. Mimi nashauri tuanze na mzinga mwingine, ule wa nyuki.

Nchini Kenya, mtafiti Lucy King na wakulima wa Sagalla, karibu na Hifadhi ya Tsavo, walizungushia mashamba uzio wa mizinga iliyoning'inizwa na kuunganishwa kwa waya. Tembo akiugusa waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka. Ngozi ya tembo ni nene, lakini macho na ndani ya mkonga si nene. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024, baada ya ufuatiliaji wa miaka tisa, yalionyesha kuwa zaidi ya robo tatu ya tembo walioukaribia uzio waligeuka. Hapa Tanzania njia hiyo imetumika katika vijiji vya kando ya Milima ya Udzungwa.

Si muujiza. Ukame wa mwaka 2017 uliwafanya nyuki wa Sagalla wahame mizinga mingi. Nguruwe naye hajali sana nyuki. Na sisi wa korosho tuna tahadhari ya ziada: anayepulizia viuadudu mchana kweupe wakati wa maua atawaua walinzi wake mwenyewe. Apulizie jioni nyuki wakiwa wamerudi.

Ipo pia pilipili. Zimbabwe na Zambia wakulima wamechanganya pilipili kali ya unga na oili chafu, wakapaka kwenye kamba na vitambaa kuzunguka shamba. Wengine wanachanganya pilipili na kinyesi cha tembo, wanakausha kama tofali, kisha wanachoma ili moshi uende upande wanaotokea. Mvua ikinyesha kamba hupakwa upya. Ni kazi, lakini haikati vidole.

Kwa nguruwe na ngedere, dawa ya zamani bado haijapata mpinzani: kulima mashamba yaliyoshikana, kufyeka vichaka vya pembeni na kuamia kwa zamu. Shamba lililo peke yake porini linalindwa na mtu mmoja anayesinzia. Mashamba 20 yaliyoshikana yanalindwa na kaya 20.

Nani alipe?

Hapa ndipo penye neno. Mizinga, waya, tochi zenye mwanga mkali na pilipili vinahitaji fedha, na mkulima mmoja mmoja haviwezi. Lakini tuna vyama vya msingi, na tuna chama kikuu cha RUNALI kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Makato kwenye korosho si mageni kwetu. Chama cha msingi kinachokusanya tani 200 kikikubaliana katika mkutano mkuu kukata Sh5 kwa kilo, kinapata Sh1,000,000 kwa msimu. Kila chama kipige hesabu hiyo kwa bei za mafundi wa kwao, na kianze na upande tembo wanakoingilia. Sharti ni moja: fedha hizo ziwe na kitabu chake na zisomwe hadharani, vinginevyo zitaliwa kabla ya mabibo.

Upande wa Serikali nao una deni. Askari wa wanyamapori akipigiwa simu usiku mmoja na vijiji vitatu, hawezi kuwa kote. Wapangwe karibu na vijiji kuanzia Oktoba hadi Desemba, wakiwa na gari lenye mafuta na risasi za kutosha. Mkulima anayeona mwenye risasi halali hafiki ndiye anayeingia jikoni kuchanganya za haramu. Aidha, usajili wa magobore usigeuzwe mtego. Mwaka 2022 ulitolewa muda wa msamaha wa Septemba na Oktoba kwa wanaosalimisha silaha wanazomiliki kinyume cha sheria. Mkulima anayejipeleka mwenyewe kwa njia hiyo apokewe kama raia mwema.

Nasi wakulima tujifunze kuandika. Tembo akiingia, toa taarifa siku hiyo hiyo kwa mwenyekiti wa kijiji na ofisa wanyamapori, piga picha kwa simu, hesabu miti iliyovunjwa, na uliza viwango vya kifuta jasho vinavyotumika sasa. Wengi tunakosa hata hicho kidogo kwa sababu tunalalamika kijiweni badala ya ofisini.

Yule mzee wa Ruangwa sasa ana mizinga sita kando ya shamba lake. Anarina asali kwa mkono mmoja na nusu, akisaidiwa na mjukuu wake. Nilimuuliza gobore liko wapi. Akasema alilipeleka kituo cha polisi, mtutu uliopasuka na yote. Kisha akaniuliza kama huku mjini asali ina bei.